Harusi Tunaichangia, Timu Kwa Nini Isichangiwe?

Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wanachama wa timu yetu ya mtaa, Ngamiani, Tanga. Naiweka yote kama ilivyo kwa ajili ya waliokuwa kazini, waliosafiri, na ndugu zetu walioko Dar, Arusha na Muscat ambao kila mara huuliza, "Mlizungumza nini?"

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Michezo oyee! Hapana, nyuma kule sijawasikia. Michezo oyee! Ahsanteni.

Mwenyekiti wetu wa mtaa, viongozi wa timu, walimu wa timu zote mbili, kina mama, kina baba, na nyinyi wanangu mlioketi juu ya ukuta huo, shukeni taratibu, msije mkavunjika kabla ya mechi.

Nimeitwa niseme juu ya fedha za timu. Mimi si mtaalamu wa fedha. Nimeuza vitumbua na chapati pale sokoni Mgandini zaidi ya nusu ya maisha yangu, na kwa miaka tisa nimeshika daftari la timu hii. Ninayoyasema leo nimeyaona kwa macho yangu, na machache nimeyasoma kwa sababu nilitaka kujua wenzetu wanafanyaje. Nianze na jambo moja mnalolijua wote.

Mwezi uliopita tulimuoza binti yetu wa Barabara ya 14. Nani hapa hakuchanga? Nyosheni mikono. Naangalia huku, naangalia huku. Hakuna. Hata kijana wa bodaboda aliyehamia hapa mwaka jana alichanga. Kamati ilikaa wiki kumi na moja, kila Jumapili baada ya Alasiri, na siku ya siku pilau likaliwa, maturubai yakafungwa, bibi harusi akapambwa, na hakuna aliyedaiwa.

Sasa nisikilizeni. Jumamosi ya wiki ile ile ya harusi, vijana wetu walicheza hapo uwanjani na mpira mmoja. Mpira wenyewe mnaujua. Mshono umefumuka upande mmoja, blada inachungulia nje kama jicho la samaki. Asubuhi ile nahodha aliupeleka kwa fundi viatu wa kwenye kona. Nilisimama nikamtazama yule mzee akifanya kazi. Aliutoa upepo wote, akaukunja mpira magotini kwake, akapitisha uzi wa nailoni kwenye kipande cha nta mara tatu, akaanza kushona tundu kwa tundu, kwa zile tundu za zamani, asiongeze mpya, maana ngozi yenyewe imechoka. Alimaliza, akaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akauweka sikioni kusikiliza kama unavuja. Nahodha akamuuliza, "Mzee, ni kiasi gani?" Mzee akasema, "Nendeni mkacheze."

Niliondoka pale na donge kooni. Fundi viatu anaisamehe timu mia tano yake, na sisi tuliokula pilau tumesahau kwamba mpira unanunuliwa.

Je, watu wa Ngamiani hawana fedha? Tungekuwa hatuna, harusi ingetoka wapi? Je, hatuna moyo? Tungekuwa hatuna moyo, uwanja usingejaa Jumamosi. Kwa hiyo fedha ipo na moyo upo. Kinachokosekana ni nini?

Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu, usiku nikiloweka mchele, na jibu langu ni hili: harusi ina kamati inayojua kazi yake, na timu ina kilio.

Iangalieni kamati ya harusi. Kitu cha kwanza, harusi ina tarehe. Hakuna harusi ya "siku moja Mungu akijalia". Ni tarehe fulani, ukumbi fulani, saa fulani, na ukichelewa kutoa mchango wako, pilau halikusubiri. Timu yetu huomba lini? Siku yoyote. Nauli ikikosekana Ijumaa usiku, ujumbe unatumwa kwenye kundi la WhatsApp: "Wadau, timu imekwama, tusaidieni chochote." Wadau ni nani? Chochote ni kiasi gani? Watu mia na themanini wanasoma ujumbe ule, na kila mmoja anajua kwamba mia na sabini na tisa wengine wameusoma pia. Basi kila mmoja anamwachia mwenzake.

Kitu cha pili, kadi ya harusi ina jina lako. Haikuandikwa "kwa wadau". Imeandikwa Bwana na Bibi fulani, na ameileta mtu mlangoni, ameketi, amekunywa maji. Utamkataliaje mtu aliyekuja nyumbani kwako na jina lako mkononi? Na hakutaji kiasi. Wewe mwenyewe unatamka ahadi yako. Ahadi yako inaandikwa mbele yako. Wiki ya tatu anapita tena, anakukumbusha kwa upole. Wiki ya sita unapunguza. Wiki ya tisa unamaliza, na unajisikia mtu.

Kitu cha tatu ndicho ninachotaka mkishike kuliko vyote. Baada ya harusi kuna kikao kinaitwaje? Semeni kwa sauti. Naam, kuvunja kamati. Watu wanakutana tena, mweka hazina anasoma: tumekusanya kiasi hiki, mchele umekula kiasi hiki, mbuzi kiasi hiki, maturubai kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki, tunampa bibi harusi akaanzie maisha. Watu wanapiga makofi, wanakwenda zao. Na kwa sababu kamati ilivunjwa vizuri, ukija mwezi ujao na kadi ya harusi nyingine, mlango utafunguliwa.

Timu yetu imewahi kuvunja kamati? Nauliza kwa nia njema. Katika miaka yote kabla sijashika daftari, kuna anayekumbuka hata siku moja tuliyoketi tukasomewa shilingi iliyoingia na shilingi iliyotoka?

Hapo ndipo ninapokumbuka lile basi, na nitalisimulia leo ingawa linaniuma. Tulialikwa kwenye mashindano Korogwe. Tulichanga. Mimi nilitoa fedha ya mtaji wa siku mbili, na mume wangu, Mungu amrehemu, alitoa yake kando. Fedha ikakabidhiwa kwa kiongozi mmoja, simtaji, na kumtaja si shabaha yangu. Alfajiri vijana wakakusanyika barabarani na mabegi yao, wamevaa vizuri, wengine wameazima viatu. Saa kumi na mbili, basi hakuna. Saa moja, hakuna. Saa tatu jua limeshawaka, tukaambiwa fedha ilipungua, nyingine ilitumika kulipa deni la zamani la jezi, nyingine kumtibu mchezaji aliyeumia goti. Inawezekana yote yalikuwa kweli! Hadi leo naamini huenda hakuiba hata senti. Lakini hakuandika mahali popote. Hakuwa na risiti, hakuwa na karatasi, alikuwa na maneno tu.

Vijana walirudi nyumbani na mabegi yao. Mwanangu alikuwemo, beki wa kulia, miaka kumi na sita. Hakulia. Alivua njumu za kuazima akazifuta moja moja kwa kitambaa, akazirudisha kwa mwenyewe. Na kwa miaka minne baada ya siku ile, ukimwendea mtu wa mtaa huu kuomba mchango wa timu, anakuuliza swali moja tu: "Lile basi lilikwenda wapi?"

Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Kweli. Lakini kibaba kilichotoboka utakijaza kwa haba ngapi?

Niliposhika daftari sikuwa na elimu ya uhasibu, nilikuwa na hofu ya lile basi. Nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula ya mwanangu: tarehe, jina, kiasi, sahihi. Ukurasa wa pili: tarehe, kilichonunuliwa, kiasi, nani alinunua, risiti iko wapi. Ni hayo tu. Kisha kila Ijumaa nikawa nanakili karatasi moja na kuibandika ukutani kwa kinyozi wetu wa Barabara ya 12, pale penye kioo, ili mtu akinyolewa awe na cha kusoma. Kilichoingia. Kilichotoka. Kilichobaki.

Wiki za mwanzo watu walinicheka. Mwenyekiti wa wakati ule akaniambia, "Bibie, unaianika timu." Nikamjibu kwamba nguo isiyoanikwa hunuka.

Basi Ijumaa moja akapita mzee mmoja mvuvi, anatoka Deep Sea, pale wanaposhusha samaki, na kikapu chake. Hajui kusoma. Akamuuliza kinyozi, "Karatasi gani hiyo?" Kinyozi akamsomea. Malimau ya wachezaji, shilingi 1,500. Barafu, shilingi 1,000. Kiraka cha wavu, shilingi 2,000. Kuchaji simu ya katibu, shilingi 500. Mzee akamwambia, "Hebu rudia hapo kwenye malimau." Kinyozi akarudia. Mzee akatua kikapu, akatoa shilingi 5,000 zinazonuka samaki, akasema, "Mpe huyo mama. Anayeandika limau hataninyima hesabu ya kubwa." Kila msimu wa bamvua mzee yule alileta mchango wake, mpaka umri ulipomzuia kwenda baharini. Leo hayupo mkutanini, anaumwa miguu, lakini jina lake liko kwenye daftari mara thelathini na moja, na alama ya kidole gumba chake ipo pembeni.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo siri yote ya kuchangisha niliyoigundua mimi. Ukiandika limau, mtu atakuamini na goli.

Na kwa habari ya simu, kwa sababu siku hizi wengi mnachanga kwa simu: tusirudie tena kutuma michango kwenye laini ya mtu binafsi, hata awe malaika. Mtu huugua, mtu husafiri, simu huibiwa, na mtu akifa laini yake ni mirathi. Tumeshayaona. Kuna akaunti za vikundi, kama M-Koba, ambazo mmoja hatoi fedha mpaka wenzake waidhinishe. Na kwa fedha kubwa, akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, mmoja wao awe mwanamke. Mnaguna nini? Mmoja wao awe mwanamke.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litawagusa baadhi yetu. Mfadhili.

Kila mkutano kuna mtu husimama akasema, "Tutafuteni mfadhili, tupumzike." Nayajua machovu yanayozungumza hapo, hata mimi nimechoka. Lakini mtakumbuka mwaka ule wa uchaguzi, mgombea mmoja alitushushia seti nzima ya jezi na mipira minne. Tulicheza ngoma. Jezi zina picha yake kifuani na jina lake mgongoni. Uchaguzi ukapita. Mipira ikachakaa, maana ndiyo kazi ya mpira. Jezi zikachuja kwa kufuliwa mara tatu. Tukampigia simu, simu ikaita, ikaita. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alinunua alichokitaka, akakipata, biashara ikaisha. Sisi ndio tulioiita biashara ile ndoa.

Tena tulipoteza kitu kikubwa kuliko jezi. Miezi ile sita tuliacha kupita nyumba kwa nyumba. Kadi za uanachama zikalala. Watu wakazoea kwamba timu ina mwenyewe. Alipoondoka, tulianza upya chini ya sifuri.

Hebu tukumbuke timu zetu kubwa zilianzaje. Yanga ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1935, Simba mwaka 1936, haikuwa hata na jina hilo, jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Hapa nyumbani, Coastal Union ilianzishwa mwaka 1948. Wakati wa mkoloni, vijana wa Kiafrika walipata wapi kampuni ya kuwabandika nembo kifuani? Zilikuwa timu za watu. Na Coastal hao hao, Wagosi wa Kaya, walipotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988, mimi nilikuwa msichana, lakini nakumbuka mji huu ulivyotetemeka, kwa sababu kila nyumba ilijiona imechukua kombe. Hata leo, vilabu vikubwa vinapokaribisha wawekezaji, kanuni zetu zimesema wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji 49. Kwa nini ile moja juu ya hamsini? Ili mwenye timu asigeuke mpangaji katika nyumba aliyoijenga babu yake.

Wako waliolikataa hilo kwa vitendo. Mwaka 2005, Manchester United iliponunuliwa na familia ya Glazer kwa mikopo ambayo deni lake likabebeshwa klabu yenyewe, baadhi ya mashabiki walisema basi. Wakaanzisha timu yao kutoka chini kabisa, FC United of Manchester. Kila mwanachama ana kura moja, uwe umetoa kidogo au umetoa kingi. Baadaye wakauziana hisa za kijamii wao kwa wao, wakachanganya na misaada mingine, wakajenga uwanja wao, ukafunguliwa mwaka 2015. Siwaambii tujenge uwanja kama ule. Nawaambia kura moja. Fundi viatu na mwenye maduka, kura moja moja.

Mfadhili akija tumpokee. Mkono mtupu haulambwi, najua. Lakini akute nyumba ina wenyewe, ina daftari, ina cheti. Na hapa katibu anisikie: usajili wetu kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo ni lazima ukamilike mwaka huu. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ipo tangu mwaka 1967, ina umri kunizidi mimi, na sisi bado tunasema tuko mbioni. Kampuni ya pale bandarini haiwezi kuandika hundi kwa jina la "vijana wa pale uwanjani". Katiba tunayo, fomu ziko kwa afisa michezo, tukamilishe.

Kuna aina nyingine ya mchango ambayo daftari langu halikuwa na safu yake mpaka mwaka juzi. Nguvu za mikono.

Mwaka 1987 kule Mathare, Nairobi, ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana, MYSA. Mathare mnaijua kwa kusikia: vibanda vimebanana, mitaro imejaa taka. Wale wakaweka utaratibu kwamba timu itapata alama kwenye ligi kwa kushinda mechi, na itapata alama pia kwa kusafisha mtaa. Fikirini! Unaweza kufungwa Jumamosi na ukajikwamua kwa beleshi. Mama aliyekuwa akiwafukuza watoto kwa kelele za mpira akawaona wanazibua mtaro mbele ya mlango wake. Baada ya hapo unadhani wakimwomba shilingi atakataa? Kutoka huko ikazaliwa Mathare United, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya.

Na wengine ni hawa wa Berlin, klabu ya Union. Uwanja wao ulikuwa mbovu, fedha ya mkandarasi hawana. Mwaka 2008 na 2009 mashabiki zaidi ya 2,000 walivaa kofia za ujenzi wakaukarabati wenyewe, saa 140,000 za kazi bila malipo. Miaka michache kabla ya hapo, klabu ilipokuwa inakata roho kwa madeni, walikwenda kutoa damu hospitalini, maana kule mtoa damu hupewa kifuta jasho, na kile kifuta jasho wakakipeleka kwenye klabu. Damu, wazee wangu.

Sisi hatujaombwa damu. Tumeombwa mtaro. Mtaro wa upande wa kusini wa uwanja ukiziba, masika yote tunacheza kwenye bwawa, na maji yale yale yanaingia nyumba tano za majirani. Mwaka juzi vijana waliuzibua kwa siku mbili. Nikaandika kwenye daftari majina yao na saa walizofanya kazi, kama ninavyoandika fedha. Wiki iliyofuata, katika nyumba zile tano, nne zikachukua kadi za uanachama. Ya tano ilituletea sufuria la uji wa pilipili manga, nikaliandika pia.

Kwa hiyo kila mwenye ufundi hapa ajue anadaiwa na anathaminiwa. Fundi wa kuchomelea, magoli yetu ya miti yameoza, tutakununulia mabomba, mkono wako ndio mchango wako. Dereva wa Noah, safari moja ya Muheza kwa bei ya mafuta tu. Mwalimu wa hesabu, njoo ukague daftari langu kila baada ya miezi mitatu. Usinionee haya.

Nina neno kwa ajili ya mabinti, na nitalisema nikiwa nimesimama wima. Timu hii ina netiboli. Mimi niliicheza, mlinzi wa goli, hapa hapa. Tangu nishike daftari nimepiga hesabu ya kilichotumika kwa netiboli na nimeona haya kuwasomea. Mabinti wanacheza kwenye nguzo moja. Nguzo moja! Upande wa pili tunamsimamisha mtoto mrefu ananyanyua mikono, ndiyo ringi. Kina mama ndio tuliotoa zaidi ya nusu ya majina yaliyomo kwenye daftari. Tunauza maandazi kwenye mechi, tunafua jezi, tunapika safarini. Halafu binti zetu wanafungia mikononi mwa mtoto? Mwaka huu nguzo mbili za netiboli ziwe za kwanza kununuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Mwenye pingamizi asimame sasa hivi, nimsikie. Ahsanteni. Katibu andika, hakuna pingamizi.

Basi tunafanya nini? Naomba leo tuunde kamati kama ya harusi. Ina tarehe yake: wiki kumi kuanzia Jumapili hii. Ina bajeti yake: nguzo mbili za netiboli, magoli mawili ya chuma na nyavu zake, mipira minane, mitano ya miguu na mitatu ya netiboli, sanduku la huduma ya kwanza, na ada ya usajili. Tumeulizia bei madukani na kwa fundi, jumla ni shilingi 3,600,000. Msishtuke. Tuko wanachama 180. Ni shilingi 20,000 kwa kila mmoja, na kwa wiki kumi ni 2,000 kwa wiki. Yuko asiyeweza 2,000, atatoa 500, na yuko atakayeweza elfu kumi, tutamwandika elfu kumi. Kila mmoja atatamka ahadi yake mwenyewe.

Kadi zimeshaandikwa, na kila kadi ina jina. Kina dada wa netiboli walikaa kwangu usiku mbili wakaziandika kwa mkono, kwa sababu hatukutaka kutumia fedha ya timu kuchapisha. Kuanzia kesho wanne wanne watapita nyumba kwa nyumba, Barabara ya 9 mpaka ya 16. Wakibisha hodi, wakaribisheni hata kama hamna cha kutoa siku hiyo. Mlioko mbali mtapigiwa simu, mmoja mmoja, kwa jina.

Karatasi itakuwa kwa kinyozi kila Ijumaa, na picha yake itatumwa kwenye kundi usiku ule ule. Na Jumapili ya wiki ya kumi na moja, saa kumi jioni, hapa hapa chini ya mwembe, tunavunja kamati. Magoli yawe yamesimama, na hesabu isomwe mpaka limau.

Lile basi la Korogwe halikuja. Mwanangu sasa ana watoto wawili, mkubwa wake ndiye yule pale amekalia mpira, ana miaka saba. Amenisumbua wiki nzima, "Bibi, magoli mapya yatakuwa na nyavu kweli?" Nimemwambia aje aone mwenyewe watu wakiandika.

Daftari liko mezani. Ukurasa ni mpya, mistari nimeshapiga. Kalamu ziko mbili, na wino wa kidole gumba upo kwa wazee wetu. Mwenyekiti wa mtaa ameniomba awe wa kwanza, nimemkatalia. Wa kwanza ni fundi viatu. Mzee wangu, karibu, umeshachanga tangu Jumamosi ile, nataka tu uweke sahihi.